Nusu ya Methali

1

Bwana Eliamani si mtu wa kufunga mlango. Ofisi za Mwangwi pale Arusha zimejengwa kwa kuta za vioo makusudi, ili kila mtu aone kwamba mwenzake hasinzii, na yeye kama mkuu wa zamu hupenda kupita akivigonga kwa pete yake. Kwa hiyo alipoingia chumba cha Sikudhani, akafunga mlango na kushusha pazia, Sikudhani alijua kuna jambo, tena si jema.

"Siku, kaa kwanza."

"Nimekaa, bosi. Aliyesimama ni wewe."

Eliamani akavuta kiti. Akatoa kipuli mfukoni, akakiweka mezani.

Kilikuwa kipuli cha kawaida, kidogo kama punje ya mahindi, kile kile ambacho siku hizi hata mama muuza ndizi wa soko la Kilombero anacho sikioni. Ukikivaa, mtu atasema kwa lugha yake huko aliko, nawe utamsikia kwa lugha yako, kwa sauti yake mwenyewe, pamoja na hasira yake au kilio chake, bila kupungua hata chembe. Maneno matupu kila kampuni inayatafsiri. Mwangwi walikuwa wakiuza joto la msemaji, na walilipima kuanzia sifuri hadi kumi.

"Kimetolewa sikioni mwa marehemu," Eliamani alisema. "Mji wa Odehaven, nchi ya Vestmar. Polisi wa kule wana swali moja, wanataka Mswahili awajibu. Wanauliza kwa nini alicheka."

"Alicheka lini?"

"Sikiliza."

Akakiunganisha na kipuli cha Sikudhani, na kwanza zikaja kelele za mtaa, nyayo nyingi juu ya mawe, upepo. Halafu umati. Ulikuwa ukipiga kelele kwa lugha ya kwao, lakini kipuli cha yule mtu kilimletea kwa Kiswahili safi, maana Mwangwi husahau vitu vingi ila hausahau neno limetoka wapi, na humrudishia mwenye lugha lilivyotamkwa mara ya kwanza.

*Tia maji! Tia maji! Tia maji!*

Mwanamume akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyekutana na jamaa yake stendi ya mbali.

"Jamani! Hata huku? Hata huku mmeipata?" Akapiga makofi. Kisha akavuta sauti kwa madaha, kama mtu anayemwitikia mwenzake ngomani: "Mwenzako akinyolewaaa!"

*Tia maji!*

Nyayo zikasogea. Alikuwa anawafuata yeye, si wao waliomfuata. Kisha sauti yake ikabadilika kidogo, bado ina adabu. "Aa, taratibu ndugu zangu. Taratibu bwana, huko ni mferejini, mimi sijui ku..."

Kipuli hakiharibiki kwa maji. Kiliendelea kurekodi.

Sikudhani akakivua cha kwake na kukitupa mezani.

"Anaitwa Ramazani Lukwesa," Eliamani alisema. "Mtu wa Lugembe. Alikuwa akifua mashuka ya hoteli kule. Polisi wanasema mtu yeyote angekimbia. Huyu alikwenda mwenyewe, akicheka. Wanadhani alikuwa mlevi."

"Hakuwa mlevi."

"Basi niambie nini, niwaandikie."

Waandikie kwamba alidhani amefika nyumbani, ndivyo Sikudhani alivyotaka kusema, lakini nyuma ya jibu hilo kulikuwa na swali la pili, na swali hilo polisi hawakuliuliza kwa sababu hawakujua kama lipo.

2

Lugembe ni nchi jirani, Waswahili kama sisi, na shida yao ilianza na maji. Serikali yao iliuza chemchemi za milimani kwa matajiri, mabomba ya mji yakakauka, na watu wakaingia Uwanja wa Mnara wakakataa kutoka. Miongoni mwao alikuwapo kinyozi mmoja, Feruzi Kaoneka, mwenye kipara kinachong'aa kuliko kioo cha kibanda chake. Siku waziri wa maji alipofukuzwa kazi, Feruzi alibeba kiti chake cha kunyolea hadi katikati ya uwanja, akakalisha sanamu ya majani iliyovishwa suti, akainyoa mbele ya watu wote. Alipomaliza akawageukia mawaziri waliobaki, ingawa hawakuwapo pale, akasema, "Mwenzenu huyo kanyolewa!"

Umati mzima ukajibu: "Tia maji!"

Anayejua Kiswahili hahitaji kuelezwa. Methali zetu hatuna tabia ya kuzimaliza. Mmoja anataja kichwa, mwenzake anaitikia mkia, na wakati mwingine mkia peke yake unatosha. *Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji*: lowesha nywele zako mapema, wembe unakuja kwako. Ulikuwa utani, na ndani ya utani mlikuwa na onyo. Nchi nzima ilicheka, na askari wengine walicheka pia.

Mashine ya Mwangwi ilizijua methali zote zikiwa nzima. Nusu ya methali, iliyopigiwa kelele na maelfu ya watu wenye kiu, iliitia shaka. Na mashine ikiwa na shaka humtupia binadamu njia mbili ili achague. Binadamu huyo huitwa mchaguzi, na zamu ile mchaguzi alikuwa Sikudhani.

Njia ya kwanza ilisema: *Lowesheni vichwa vyenu, zamu yenu yaja.* Joto, mbili.

Njia ya pili ilisema: *Watieni majini!* Joto, tisa.

Mchaguzi hupewa muda wa kumeza mate tu. Lakini Sikudhani hakuhitaji hata huo, na hapo ndipo pabaya. Hakukosea. Methali ile aliijua tangu hajang'oka meno ya utoto. Bibi yake wa Pangani aliitaja kila mtoto wa jirani alipochapwa. Aliijua, akaiacha. Wiki ile dunia ilikuwa ikisikiliza mpira. Askari wa Lugembe walikuwa wamevunja watu miguu kwenye njia panda na hakuna nchi iliyogeuza shingo. Akajiambia, ukiwapelekea Wazungu somo la kunyoa nywele, watapiga miayo. Akabonyeza tisa.

Na dunia ikageuza shingo. Namba ya wasikilizaji ilipanda mpaka Eliamani akaja kugonga kioo kwa pete. Mabalozi walivaa vipuli, na majenerali walipoambiwa kwamba mabalozi wamevaa vipuli, magari ya jeshi yakasimama darajani, hatua chache kabla ya uwanja, yakabaki pale yakingoja siku dunia itakapovivua. Kampuni ilimkatia Sikudhani keki. Aliila, tena akaomba kipande cha kupeleka nyumbani.

Huko Vestmar kulikuwa na vijana waliokuwa wakikaa baa wakilaumu wageni, wachache tu, watu wa kunung'unika na kwenda kulala. Walikuwa hawajui Lugembe iko upande gani wa ramani. Lakini jioni moja walivaa vipuli wakasikia umati usiomwogopa mtu, wenye hasira ya joto tisa, ukisema *watieni majini*, na serikali ikitetemeka. Wakaona kumbe inawezekana. Hasira iliingia masikioni mwao ikiwa mbichi, haijui ilikuwa ya nani wala juu ya nini, wakaivalisha sababu zao. Wakajiita Watu wa Maji.

Mama yake alimwita Sikudhani kwa sababu alimzaa akiwa amekwisha kata tamaa ya kuzaa. *Sikudhani kama nitapata.* Leo lile jina lilimchoma. Angeweza kusimama mbele ya hakimu yeyote akalitaja, na lingekuwa uongo.

3

"Ni mimi," alimwambia Eliamani. "Ile ya tia maji. Niliijua maana yake."

"Sote tuliijua, Siku. Mimi ni Mpare, lakini si kiziwi. Niliisikia nikasema, huyu binti ana akili."

Hilo halikumpunguzia kitu. Hatia si mzigo wa mkaa kwamba mkishika wawili unakuwa mwepesi.

"Kuna jingine," Eliamani aliendelea, na sasa akawa anaongea akitazama pazia. "Leo alasiri wanaandamana tena. Kuna jengo kando ya mfereji wanakoishi wafuaji na familia zao, wengi wa Lugembe, wengine wa kwetu hapa. Polisi wa kule ni wachache, na sijui wangapi kati yao wamevaa vipuli na kufurahia wanachosikia."

"Natengua."

Mchaguzi ana haki hiyo. Chaguo linaweza kutenguliwa maadamu matangazo hayajafungwa, na likitenguliwa, neno hubadilika katika kila sikio, kwa kila lugha, papo hapo.

"Tengua," Eliamani alisema. "Joto litashuka kutoka tisa hadi mbili. Watu watashangaa, huyu kinyozi alikuwa anatania tu? Watavua. Na wakivua, unajua kinachongoja darajani."

"Kwa hiyo niache?"

"Sijasema uache."

"Unasema nini basi?"

"Nikikwambia tengua, nimewaua wale wa uwanjani. Nikikwambia acha, nimewaua hawa wa mferejini. Sikwambii kitu."

"Ndiyo maana umekuwa bosi," Sikudhani alisema, na Eliamani hakukasirika, kwa kuwa alijua ni kweli. Aliinua pazia, akafungua mlango, akatoka. Pete yake haikugonga kioo chochote njiani.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa. Odehaven walikuwa wakimalizia chakula cha mchana.

4

Kila uwanja uliounganishwa na Mwangwi una laini ya pembeni, ya mafundi kuulizana kama kipaza sauti kinafanya kazi. Sikudhani aliifungua na kuomba aitiwe Feruzi kinyozi. Alingoja akisikiliza mashine ya kunyolea ikivuma na mtu akimlalamikia mwenzake kwamba amekanyagwa. Siku hizo watu pale uwanjani walikuwa wakipanga foleni kunyolewa, ili askari wakija wasipate nywele za kushika.

"Nani mwenzangu?"

"Shikamoo, baba. Naitwa Sikudhani. Mimi ndiye ninayepeleka maneno yenu nje."

"Marahaba, mwanangu! Ah! Wewe ndiye sauti yetu? Ngoja niwaambie watu wakushangilie."

"Usiwaambie, baba. Nisikilize kwanza."

Akamweleza. Alianza na Ramazani kwa sababu aliona ni haki aanze na yeye, kisha zile njia mbili, kisha tisa. Hakujitetea. Mara moja alitaka kusema habari ya mpira na miguu iliyovunjwa, akaimeza. Upande wa pili mashine ya kunyolea ilizimwa.

"Alicheka?" Feruzi aliuliza.

"Alicheka. Aliwaitikia. Alidhani wanajua."

"Kichwa chake kilikuwaje?"

"Sijakuelewa, baba."

"Nywele. Ngumu, laini, ana mvi? Vichwa vya mji huu vingi vimepita mkononi mwangu. Pengine nilimnyoa."

"Sijui," Sikudhani alisema, na akaanza kulia kwa jambo hilo dogo, kwamba hakujua hata nywele zake.

Feruzi hakumbembeleza. Alipoongea tena utani ulikuwa umemwisha. "Mimi ni kinyozi kwa miaka yote hii. Sijamkata mtu sikio. Sasa unaniambia wembe wangu uko mkononi mwa mtu nisiyemjua, unachinja."

"Ndiyo, baba."

"Uliona maneno yetu hayatoshi."

"Niliona dunia haisikii."

"Uliona hayatoshi," alirudia. "Tungekuwa tunataka kuwatia watu majini, tungesema. Mdomo tunao. Tulikaa hapa na njaa tukatunga utani, wewe ukaona aibu kuupeleka."

Hilo lilimwingia kuliko yote, kwa kuwa hakuwahi kujiambia hivyo, na lilikuwa kweli. Aliona aibu. Aliona Kiswahili kimevaa kandambili kwenye mkutano wa wakubwa, akakivalisha viatu.

"Nikirekebisha," alisema, "watavua vipuli. Na darajani..."

"Daraja naliona kutoka hapa. Hata yule askari anayekula mhogo namwona. Una nini cha kuniuliza? Nina watoto wa watu nyuma yangu. Huko mferejini kuna watoto wa watu. Unataka mimi nichague?"

"Sijui ninalotaka, baba."

"Sikudhani," alisema, kana kwamba ndiyo kwanza amelisikia jina. "Aliyekupa jina hilo alikuwa na maneno." Kisha akapumua kwa nguvu. "Nitasema nao mwenyewe, hao wa maji. Nitawaambia hawa wenzangu nimeamua nini. Anayetaka kutoka kwa mlango wa soko atoke sasa. Lakini wewe ndiye utakayenifikisha. Nakuomba kitu kimoja. Usinipambe."

5

Umati haukutoka wote. Baadhi walipitia mlango wa soko wakiwa wamebeba watoto, wengine walitoka wakarudi. Feruzi alingoja. Sikudhani, kwenye kioo chake, alikuwa na madirisha mawili: uwanja wa Lugembe kushoto, na kulia mtaa wa Odehaven, watu wenye makoti mazito wakitembea pamoja kuelekea mfereji. Walikuwa na vipuli masikioni. Juu ya jengo la wafuaji mtu alikuwa ameanika mashuka, na hakuna aliyekuwa ameyaanua.

Feruzi akashika kipaza sauti.

"Nyinyi wa Odehaven. Mimi ndiye kinyozi mnayemsikia. Mmelichukua neno langu, na mmelichukua vibaya, na kosa si lenu peke yenu. Nataka niwaambie lilikotoka."

Joto, tatu, mashine ikaandika. Haikuwa na shaka, ikapeleka yenyewe. Kule mtaani watu wawili watatu wa mbele walipunguza mwendo.

"Kwetu, mtu akikaa kwenye kiti changu na nywele kavu, wembe unamvuta, unamkwaruza, anatoka damu. Kwa hiyo ukiona mwenzako ananyolewa na wewe ni wa pili, unachota maji. Unajilowesha kichwa. Chako wewe! Humwagii mwenzako. Maji yale ni ya kupunguza maumivu, basi. Hakuna mtu wa Lugembe aliyewahi kusema mtu atupwe majini. Maji yenyewe hatuna. Mngetutania vizuri mngetuuliza hayo maji ya kumzamishia mtu tungeyatoa wapi."

Uwanja ukacheka. Walicheka kweli, huku magari ya jeshi yakionekana, na kama ilivyo kawaida yao kinyozi akimaliza, wakaitikia kwa pamoja:

"Tia maji!"

Mashine ikasita. Ikamtupia njia mbili.

*Lowesheni vichwa vyenu wenyewe.* Joto, mbili.

*Watieni majini!* Joto, tisa.

Namba ya wasikilizaji ilikuwa imeanza kuteremka tangu Feruzi alipotaja nywele. Mabalozi walikuwa wakitoka mmoja mmoja. Sikudhani aliona wazi kabisa kwamba akibonyeza tisa namba itarudi, na askari darajani watabaki na mhogo wao hadi kesho, na kesho ni siku kubwa kwa mtu aliye hai. Upande wa kulia, kwenye dirisha la ghorofani kwenye lile jengo, kulikuwa na mwanamke ameshika pazia. Muda wa kumeza mate ulimtosha kuwaona wote, na haukumtosha kumwokoa yeyote bila kumtoa mwingine.

Akabonyeza mbili, na kwa kidole hicho hicho akatengua tisa ya zamani.

Mtaani Odehaven sauti ilipoa ghafla, kama redio iliyoishiwa betri. Watu wa Maji walisimama. Mmoja alicheka, kicheko cha aibu, akamtazama jirani yake. Mwingine alijaribu kupiga kelele peke yake, na peke yake neno halikupanda. Alionekana mtu mzima anayepigia kelele mashuka. Wengine walilaani, wengine walirusha mawe mferejini, na jiwe moja lilivunja kioo cha chini. Lakini hawakuingia. Baridi ikawakumbusha wana makwao.

"Sikudhani." Ilikuwa laini ya pembeni. "Umenifikisha?"

"Nimekufikisha, baba."

"Hukunipamba?"

"Sikukupamba."

"Haya. Vizuri."

Nyuma yake injini ziliwashwa, moja, halafu nyingi. Watu walikuwa wakiitana majina. Mtu alisema, shikaneni mikono, msikimbie, msikimbie.

"Baba, tokeni. Mlango wa soko bado..."

"Nina kichwa cha mtu nusu hapa mkononi," Feruzi alisema, "siwezi kumwacha hivi." Na mashine ya kunyolea ikawashwa tena kweli. Alikuwa akipumua haraka, lakini alipoongea aliongea kama mtu wa kijiweni, akivuta maneno. "Mwanangu. Mwenzako akinyolewa..."

Akangoja.

Hivyo ndivyo tunavyofanya. Mmoja anataja kichwa, mwenzake anaitikia mkia. Neno lilikuwa moja tu, jepesi, mtoto angelisema. Sikudhani alilitafuta kooni mwake na halikuja, na alipokuwa bado anahangaika laini ilikatika.

Eliamani alikuja baadaye. Alisema jengo la wafuaji limesalimika, hakuna aliyeguswa, akina mama wa pale wameanua mashuka yao. Alisema hivyo mara mbili. Sikudhani akamuuliza habari ya Lugembe.

"Lugembe hakuna anayesikiliza tena," Eliamani alisema.

Baada ya muda Eliamani alimkuta Sikudhani amesimama kwenye sinki la kunawia mikono mwishoni mwa korido, mahali ambapo kila mtu anaweza kukuona kupitia vioo. Mtandio ulikuwa begani. Alikuwa akichota maji kwa viganja na kujimwagia kichwani, taratibu, kuanzia utosini, na maji yalikuwa yakimtiririkia shingoni na kulowesha sakafu.

"Siku, unafanya nini?"

Sikudhani alizidisha bomba, akachota tena.